Milango midogo ya viini: Kwa nini dawa ya dukani hukosa kuponya tumbo

UKISHUKA matatu katika kituo cha Kongo, mtaani Kawangware, huhitaji kwenda mbali kabla ya kukutana na duka la dawa. (Kongo hii, kwa msomaji asiyeifahamu Nairobi, si nchi ya Lumumba. Ni sehemu ya Kawangware, yenye vibanda vya mboga, vinyozi, mafundi wa viatu na msongamano wa watu usiokwisha hadi usiku.) Jioni watu wanapotoka vibaruani ndipo maduka hayo hujaa. Huyu anataka dawa ya "homa na tumbo". Yule anaitisha kapsuli mbili za Ampiclox kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Wa tatu anaonyesha karatasi tupu ya vidonge alivyokunywa mwezi uliopita, apewe vingine kama hivyo, lakini vya shilingi hamsini tu. Aghalabu hakuna aliyeandikiwa dawa na daktari. Hali ni hiyo hiyo Kibera, kuanzia Makina hadi Laini Saba.

Baada ya siku tatu au nne wengine hurudi na malalamiko: dawa haikufanya kazi. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba dawa ilikuwa bandia. Yawezekana, kwani dawa bandia zipo. Lakini mara nyingi dawa ni halali kabisa, imetengenezwa vyema, haijapitwa na wakati, na bado haiponyi. Sababu moja kubwa inapatikana kwenye ngozi ya kiini chenyewe kinachosababisha ugonjwa. Dawa imefika tumboni, ikaingia katika damu, ikakifikia kiini, kisha ikakwama mlangoni.

Ni mlango wa kweli, ingawa hauonekani kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida. Anayeuelewa ataelewa pia kwa nini kidonge kilichokausha jipu la jirani hakiwezi kutegemewa kutibu tumbo lake, na kwa nini daktari mwangalifu hupenda kusubiri majibu ya maabara kabla ya kubadilisha dawa.

Kiini chenye kuta mbili

Mwaka wa 1884 daktari mmoja kutoka Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa akifanya kazi mjini Berlin, Ujerumani. Alipaka rangi ya zambarau kwenye vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa kichomi, kisha akaviosha kwa spiriti. Aligundua kwamba viini vingine hushikilia rangi hiyo hata baada ya kuoshwa, na vingine huiachilia yote. Hakujua kwa nini. Hata hivyo njia yake hiyo ya kupaka rangi ingali inatumika leo katika maabara kote duniani, Nairobi ikiwemo, na viini bado hugawanywa kwa jina lake: Gramu chanya ni vile vinavyobaki zambarau, na Gramu hasi ni vile vinavyopoteza rangi hiyo, ambavyo hupakwa rangi nyingine ya waridi ili vionekane.

Miaka mingi baadaye ndipo tofauti ilipoeleweka. Viini vya Gramu chanya, kama vile vinavyoleta majipu na usaha wa vidonda, vimezungukwa na ukuta mmoja mnene ulio kama gunia lililofumwa. Gunia hilo lina nguvu, lakini lina nafasi nyingi baina ya nyuzi zake, na dawa nyingi hupenya bila taabu. Viini vya Gramu hasi ukuta wao ni mwembamba zaidi, ila nje ya ukuta huo wamevaa utando mwingine wa mafuta, kama mtu aliyejifunika karatasi ya nailoni juu ya koti. Humo ndimo wamo maadui wakuu wa matumbo yetu: Salmonella wa homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, Shigella wa kuhara damu, kiini cha kipindupindu, E. coli wa aina nyingi. Na Klebsiella ambaye ni tishio katika wadi za hospitali.

Utando huo wa nje si mafuta ya kawaida. Upande wake wa juu umejaa molekuli zenye mikia ya mafuta na minyororo mirefu ya sukari, zikiwa zimebanana na kushikanishwa na madini ya magnesi na kalsi. Vitu vyenye asili ya mafuta hupata shida kuupenya, na vitu vinavyoyeyuka majini haviupenyi kabisa. Ni silaha nzuri kwa kiini kinachoishi utumbo, kwa kuwa huko kuna nyongo, na nyongo huyeyusha mafuta kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria.

Lakini aliyejifungia ndani kabisa atakufa njaa. Kiini kinahitaji sukari, chumvi, chembe za protini, na kinahitaji kutoa taka. Kwa hiyo utando huo umetobolewa vitundu vingi. Kila kitundu kimejengwa kwa protini maalumu ambayo wataalamu huiita porini. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya njia au kitundu, na halina uhusiano wowote na kule waliko nyati na fisi. Ili tusichanganyikiwe, katika makala haya tutaziita milango.

Pipa lisilo na kifuniko

Milango hii ilitambuliwa katika miaka ya 1970. Mwanasayansi Mjapani, Taiji Nakae, akishirikiana na mwenzake Hiroshi Nikaido wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta na kuvijaza sukari. Vifuko vitupu vilishikilia sukari ndani. Vilipochanganywa na protini fulani kutoka utando wa nje wa Salmonella na E. coli, sukari ilivuja. Kutokana na majaribio hayo ilidhihirika kuwa protini hiyo ndiyo tundu lenyewe. Jina porini lilianza kutumika mwaka wa 1976. Mwaka wa 1992 watafiti waliotumia miali ya eksirei walichapisha umbo kamili la milango miwili ya E. coli, na wenye shauku ya mambo haya wakaona jinsi ulivyo.

Kila mlango ni kama pipa lisilo na kifuniko wala kitako, mbao zake 16 zikiwa nyuzi za protini zilizosimama kwa mshazari. Mapipa hayo hayakai peke yake. Hukaa matatu matatu, yameegemeana kama mafiga. Ndani ya kila pipa, katikati, kuna kishipa cha protini kilichokunjwa na kuingia ndani, kikapunguza nafasi ya kupita, na kingo zake zina chaji za umeme, upande mmoja chanya na upande wa pili hasi. Upana wa sehemu hiyo nyembamba ni kama nanomita 1, na katika milimita moja kuna nanomita milioni 1. Kiini kimoja cha E. coli huweza kuwa na milango ya namna hii laki moja na zaidi.

Mkazi wa Kibera hahitaji kuelezwa zaidi. Anavijua vichochoro vya Gatwekera ambavyo mtu mwembamba hupita na mtungi mmoja wa lita 20, lakini mwenye kitanda mabegani atarudi alikotoka. Ndivyo ilivyo kwa dawa. Katika E. coli na jamaa zake, kitu chenye uzito unaozidi ule wa atomi 600 hivi za haidrojeni hakipiti kwa urahisi mlangoni. Amoksilini ina uzito wa 365, inapita. Siprofloksasini ni 331, kloramfenikoli 323, zote zinapita. Seftriaksoni, ile sindano ya hospitalini, ni 555, inapita kwa kubanana. Erithromaisini ni 734, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya iwe dawa nzuri ya koo na mapafu lakini dhaifu dhidi ya viini vingi vya utumbo. Vankomaisini, dawa kali ya viini sugu vya vidonda, ni 1,449. Hiyo haisogei hata kidogo.

Hata hivyo unene si hoja pekee. Penisilini ya kwanza kabisa, ile ya sindano, ina uzito wa 334 tu, na bado ilikuwa hafifu mbele ya viini vya Gramu hasi. Mwaka wa 1961 kampuni ya Beecham ya Uingereza ilitoa ampisilini, ambayo ni penisilini ile ile iliyoongezwa kikundi kidogo chenye naitrojeni na chaji chanya. Badiliko hilo dogo, katika mlango ule wenye kingo za umeme, lilitosha kuirahisishia dawa njia, na kwa mara ya kwanza penisilini ya kumeza ikaweza kupambana na Salmonella na E. coli.

Hapa turudi dukani Kongo, kwa yule aliyeitisha kapsuli mbili za Ampiclox. Kapsuli hiyo ni mchanganyiko wa dawa mbili, ampisilini na kloksasilini. Nusu ya pili, kloksasilini, ilitengenezwa kwa ajili ya viini vya majipu. Ni kubwa, ina asili ya mafuta, na viini vya Gramu hasi haviibabaiki. Nusu ya kwanza ilikuwa na sifa zamani, lakini viini vingi vya utumbo jijini Nairobi vimekwisha kuizoea, kama tutakavyoona. Zaidi ya hayo, watoto wengi wanaoharisha hawana bakteria anayehitaji dawa ya namna hiyo. Wengi wana virusi, na virusi hawana ukuta, hawana milango, wala hawana lolote ambalo ampisilini inaweza kulishika. Kinachomwokoa mtoto wa namna hiyo ni maji yenye chumvi na sukari ya pakiti za ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Ni vitu vya bei nafuu, na hilo ndilo jambo linalomuudhi mwandishi huyu kila anapolifikiria.

Kiini kinapobadilisha mlango

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba milango hii haikai namna moja wakati wote. E. coli ana aina mbili kuu, ambazo wataalamu wamezipa majina OmpF na OmpC. Ule wa kwanza ni mpana kidogo, ule wa pili ni mwembamba. Kiini kikiwa katika maji mepesi yasiyo na chakula kingi, tuseme mtaroni au kwenye tangi, hujenga zaidi milango mipana ili kipate kuokota kila chembe ya lishe. Kikimezwa na kufika utumboni, kwenye joto, chumvi nyingi na nyongo, hubadilisha na kujenga zaidi ile myembamba ili sumu ya nyongo isiingie kwa wingi. Kuna protini inayokaa kwenye utando kama bawabu, ikipima ukali wa chumvi nje na kupeleka habari ndani.

Kiini cha kipindupindu hufanya vivyo hivyo na mlango wake uitwao OmpU, ambao huuzidisha kinapokutana na nyongo, huku kikiupunguza mwingine uitwao OmpT unaopitisha nyongo kwa urahisi. Kinachoamuru mabadiliko hayo ni protini ile ile inayoshiriki kuwasha utengenezaji wa sumu ya kipindupindu. Kwa maneno mengine, kiini hufunga madirisha na kuchomoa kisu kwa amri moja.

Fikiria basi safari ya kiini kimoja katika mitaa hii. Kimetoka tumboni mwa mtu hadi chooni, au kwenye mfuko wa plastiki uliorushwa usiku kwa kukosa choo cha karibu. Mvua ikanyesha, kikasombwa hadi mtaroni. Ndani ya mtaro huo huo umelala mpira wa plastiki unaopeleka maji kwenye kioski, na mpira una ufa. Maji yanapokatika, mpira hunyonya uchafu wa nje. Yanaporudi, uchafu huo huingia mtungini mwa mama aliyepanga foleni tangu alfajiri. Kila hatua ya safari hiyo kiini kimekuwa kikirekebisha milango yake kulingana na mahali kilipo.

Mlango ukifungwa kabisa

Viini huzaana kwa kasi, na katika mamilioni yao hutokea wachache wenye hitilafu katika maumbile. Kinachozaliwa bila mlango fulani kwa kawaida ni dhaifu: hula kwa shida, hukua polepole, na wenzake humshinda. Lakini dawa ikiingia mwilini mambo hugeuka. Wenye milango wazi hufa, na yule kilema aliyefungiwa ndani hubaki peke yake na uwanja mzima.

Hili si dhana ya vitabuni. Mwaka wa 1987 watafiti nchini Marekani walieleza habari za mgonjwa aliyekuwa na Salmonella typhimurium na aliyekuwa akitibiwa kwa dawa za jamii ya sefalosporini. Kiini kilichopatikana mwilini mwake baadaye kilikuwa kimepoteza mlango wa OmpC, na dawa ile ikawa haina nguvu tena juu yake. Badiliko hilo lilitokea matibabu yakiendelea.

Hata hivyo ni lazima tuseme wazi kwamba mlango peke yake si kisa chote. Mlango mwembamba huchelewesha dawa, hauizuii milele. Hatari huja mlango unapoungana na silaha nyingine mbili. Ya kwanza ni vimeng'enya vinavyokaa kwenye ukumbi mwembamba baina ya kuta mbili na kuikatakata dawa inapoingia. Ya pili ni pampu zinazoitapika nje. Dawa ikiingia kwa kasi, vimeng'enya hulemewa. Ikiingia moja moja, kama watu wanaopita kichochoroni, kila moja hukamatwa na kumalizwa. Ndiyo maana Klebsiella aliyepoteza milango yake miwili, OmpK35 na OmpK36, na ambaye pia ana vimeng'enya, huweza kuhimili hata kabapenemu, dawa ambazo madaktari huziweka akiba ya mwisho.

Nairobi tayari imepata kuonja hilo la vimeng'enya. Mwaka wa 2011 watafiti walitangaza kwamba Klebsiella waliokusanywa kati ya 2007 na 2009 kutoka kwa wagonjwa waliolazwa katika hospitali moja kubwa ya jiji hili walikuwa na kimeng'enya kiitwacho NDM-1, kinachoharibu karibu penisilini zote na jamaa zake, kabapenemu zikiwemo. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka, makundi yote matatu yaliyowekwa juu kabisa yalikuwa ya Gramu hasi. Si bahati mbaya. Dawa nyingi mpya zinazoua bakteria katika maabara hushindwa na ule utando wa nje. Watafiti wengine sasa hujaribu hila: dawa iitwayo sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2019, hubeba madini ya chuma, na kwa kuwa kiini kina uchu wa chuma, hukiingiza chenyewe kwa mlango mwingine wa ndani ya nyumba, kama mwizi aliyejifanya mleta maziwa.

Homa ya matumbo Kibera

Katika mitaa yetu, ugonjwa unaowafanya watu wengi wakimbilie dawa hizi ni homa ya matumbo. Na si ugonjwa wa kuwaziwa. Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini, KEMRI, pamoja na kituo cha CDC cha Marekani, walifuatilia familia za Gatwekera na Soweto Magharibi huko Kibera kuanzia 2007 hadi mapema 2009, wakipima damu ya wagonjwa katika zahanati ya Tabitha. Walipata wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, waliothibitishwa kwa kuotesha damu. Huko Lwak, mashambani katika Nyanza, ambako ufuatiliaji kama huo ulifanywa, walikuwa 29. Watoto wadogo ndio walioumia zaidi.

Utafiti mwingine ulioongozwa na wataalamu wa KEMRI katika mtaa wa mabanda jijini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2021, ulichunguza watoto walio chini ya miaka 16. Kati ya waliokuwa wazima kabisa, wachache walikuwa na kiini cha homa ya matumbo kwenye choo bila wao kujua. Na zaidi ya robo tatu ya viini vilivyochunguzwa kwa wagonjwa vilikuwa vya ukoo sugu kwa dawa nyingi. Usugu wa ukoo huo hautokani hasa na milango. Viini hivyo vina jeni zinazovikinga dhidi ya ampisilini, kloramfenikoli na dawa ya jamii ya Septrin, na jeni hizo huwa zimekaa pamoja kama funguo kwenye kishikio kimoja, kiasi kwamba anayeshinda mojawapo mara nyingi hushinda zote tatu. Mlango mwembamba ni msaidizi wao tu.

Kule Pakistan, tangu mwaka wa 2016, kumekuwa na Salmonella wa homa ya matumbo wasiosikia hata seftriaksoni wala siprofloksasini. Dawa ya kumeza iliyobaki ni azithromaisini. Hapa msomaji makini atauliza: si azithromaisini ina uzito wa 749, zaidi ya kipimo cha mlango? Ni kweli, na haipiti mlangoni. Ina chaji mbili chanya ambazo huiwezesha kuyasukuma kando yale madini ya magnesi yanayoshikanisha utando, na kwa namna hiyo hujipenyeza ukutani penyewe. Ni mojawapo ya dawa chache za ukubwa huo zinazofanya hivyo dhidi ya Salmonella, na ndiyo maana inasikitisha kuiona ikiuzwa kwa kila mwenye mafua.

Kipimo kinachodanganya

Lakini je, kila anayeambiwa ana homa ya matumbo anayo kweli? La hasha. Katika zahanati nyingi za mitaani kipimo kinachotumika ni kile cha Widal, kilichovumbuliwa na Mfaransa Georges-Fernand Widal mwaka wa 1896. Hakitafuti kiini. Hutafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya vitu viwili vya kiini: ule utando wa nje na minyororo yake ya sukari, na mikia yake ya kuogelea. Shida ni kwamba jamaa wengine wa Salmonella wana utando unaofanana, na aliyewahi kuugua miaka iliyopita bado huwa na kingamwili hizo. Katika mtaa ambao karibu kila mtu amewahi kukutana na viini hivi, Widal huonyesha "taifodi" kwa mtu mwenye mafua, kwa mjamzito aliyechoka na kwa kibarua aliyelala njaa. Wengi hujumlishiwa na malaria pia, ingawa Nairobi iko juu sana na maambukizi ya malaria hapa ni machache. Mara nyingi mwenye malaria ameitoa safarini, Magharibi au Nyanza.

Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu kwenye maabara. Huchukua siku mbili hadi tano au zaidi, kinagharimu zaidi, na si kila zahanati inaweza kukifanya. Faida yake ni kwamba kiini kikiota, fundi wa maabara hukiwekea dawa mbalimbali kwenye sahani na kuona ni ipi inayoingia na kuua. Hilo ndilo jaribio halisi la mlango, la vimeng'enya na la pampu kwa pamoja.

Kuna pia chanjo. Julai 2025 serikali ya Kenya iliendesha kampeni ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo, pamoja na kampeni ya surua na rubella, na chanjo hiyo ikaingizwa katika ratiba ya kawaida ya watoto. Chanjo hiyo haitumii ile milango. Hufundisha mwili kuitambua koti ya sukari iitwayo Vi inayovaliwa na kiini juu ya utando. Wapo watafiti wanaofikiria kutumia milango yenyewe. Mwaka wa 2009 ilionyeshwa kwamba panya waliopewa mlango mmoja wa Salmonella, OmpD, walipata kinga. Kiini cha homa ya matumbo chenyewe hakina mlango huo wa OmpD, kwa hiyo kazi hiyo inawalenga ndugu zake wanaoshambulia damu ya watoto wenye utapiamlo, malaria au virusi vya Ukimwi.

Kwa nyumba isiyo na mfereji wake, maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa nusu saa. Moto hauulizi mlango uko wapi. Huivunja nyumba nzima. Mtungi wa maji ya kunywa uwe na mdomo mwembamba na kifuniko, kwani maji safi yaliyochotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono ya watoto watano huwa si safi tena kufikia jioni.

Na kwa mwenye homa iliyozidi siku tatu, hasa ikiandamana na kuumwa kichwa na tumbo, ni vyema aende hospitali kabla ya kupitia dukani. Kidonge kimoja au viwili vya viuavijasumu vilivyomezwa jana vyaweza kuzuia kiini kuota kwenye chupa ya maabara bila kukiua mwilini, na majibu yakarudi yakisema hakuna kitu. Ikiwa amekwisha kumeza, amwambie daktari jina la dawa na idadi ya vidonge, hata kama ilikuwa kapsuli mbili tu. Karatasi ya vidonge asiitupe; aende nayo.